Tate Liverpool: Maswali Ninayoulizwa Kila Ninapompeleka Mgeni Gatini

Wageni wangu wakitua Liverpool, awe wa Dar, wa Mombasa au wa Bujumbura, kitu cha kwanza wanachoulizia ni Anfield. Nami huwapeleka, maana mapenzi ya mpira nayajua. Lakini siwaachi waondoke bila kufika Albert Dock, kwenye ghala la zamani la matofali ambalo ndilo Tate Liverpool. Nadhani hakuna jengo jingine katika mji huu lenye mengi ya kumwambia mtu wa pwani yetu. Njiani maswali huwa yaleyale, na haya hapa, pamoja na majibu ninayoyatoa.

Tate Liverpool ni nini hasa?

Ni makumbusho ya sanaa ya kisasa na sanaa ya leo, na ni tawi. Mama yake ni Tate, taasisi ya umma inayotunza mkusanyo wa taifa wa sanaa ya Uingereza kuanzia miaka ya 1500, pamoja na sanaa ya kisasa kutoka pande zote za dunia. Tate ina nyumba nne. Tate Britain na Tate Modern zipo London, Tate St Ives ipo Cornwall mbele ya bahari, na hii ya Liverpool ilifunguliwa Mei 1988. Mkusanyo ni mmoja, una kazi zaidi ya 70,000, na huzunguka. Picha uliyoiona London mwaka jana unaweza kukutana nayo Liverpool mwaka huu, na ukirudi mwakani usiikute.

Iko wazi sasa?

Jengo la gatini lilifungwa Oktoba 2023 kwa ukarabati mkubwa, na mpango uliotangazwa ni kulifungua tena mwaka 2027. Wasanifu ni 6a architects wa London. Shabaha yao ni kuingiza mwanga wa mchana uliozibwa kwa miaka mingi, kuifungua zaidi ghorofa ya chini kwa wapita njia, na kupunguza nishati inayotumika kupasha joto jengo lenye umri wa karibu miaka 180. Jumba lilipofungwa, baadhi ya shughuli zilihamia RIBA North, jengo la chama cha wasanifu majengo wa Uingereza pale Mann Island, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Tarehe za ujenzi husogea. Kabla hujakata tiketi ya treni, fungua tovuti ya Tate uone siku hiyo kuna nini na kipo wapi. Nami nakuomba usiache kwenda gatini hata kama milango imefungwa, kwa sababu nusu ya ninayoyaeleza hapa chini unayaona ukiwa nje.

Tawi? Kwa hiyo London wanabaki na vizuri, huku wanaleta masalio?

Swali hili huulizwa na watu waliokulia mikoani, na nalielewa. Sote tunajua maana ya kupelekewa kile ambacho mji mkuu haukitaki.

Jibu langu ni michoro ya Mark Rothko. Mwaka 1958 mchoraji huyu wa Marekani aliagizwa achore picha kubwa za kupamba mkahawa wa kifahari ndani ya jengo la Seagram, New York. Akachora, kisha akakataa kuzitoa, kwa kuwa hakupenda zitazamwe na watu wanaokula chakula cha bei mbaya. Baadaye tisa kati yake akaizawadia Tate. Zilifika London tarehe 25 Februari 1970, siku ileile aliyokutwa amekufa. Ni mali ambayo Tate inaitunza kama mboni ya jicho. Na tawi la Liverpool lilipofungua milango mwaka 1988, katika maonyesho yake ya mwanzo kabisa zilikuwamo picha hizo. Mwaka 2009 zikarudi tena.

Kuna zaidi. Mwaka 2007 Tuzo ya Turner, ambayo ndiyo tuzo ya sanaa inayozungumzwa kuliko zote Uingereza, ilitoka nje ya London kwa mara ya kwanza, nayo ilikuja hapa. Mwaka uliofuata, Liverpool ilipokuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya, jumba hili lilimleta Gustav Klimt kwa onyesho kubwa ambalo Uingereza haikuwa imewahi kuliona. Safari hiyo aliyekata tiketi ya treni kuja kutazama alikuwa mtu wa London.

Lakini sitaki kukupa picha ya peponi. Jina ni la London, mkusanyo uko chini ya wadhamini wa London, na tawi likitaka kazi fulani lazima liombe. Wazo lenyewe lilizaliwa London pia. Mwaka 1981 mtaa wa Toxteth, wenye mojawapo ya jamii za watu weusi zenye mizizi mirefu kuliko zote Uingereza, ulilipuka kwa ghasia dhidi ya polisi, ukosefu wa kazi na ubaguzi. Miezi michache kabla ya ghasia hizo serikali ilikuwa imeanzisha shirika la kufufua kando za mto Mersey, na ndani ya mpango huo Alan Bowness, mkurugenzi wa Tate wa wakati huo, akapata nafasi ya kutimiza azma yake ya kuwa na Tate ya kaskazini. Wapo wenyeji waliouliza kwa haki kabisa: tuliomba kazi, mbona tunaletewa picha? Swali hilo halijafutika, na sidhani kama linapaswa kufutika.

Kipimo changu cha tawi ni hiki. Je, limewahi kusema jambo ambalo makao makuu hayakulisema kwanza? Hapa jibu ni ndiyo. Januari 2010 jumba lilifungua onyesho la Afro Modern, lililofuata nyuzi za sanaa kati ya Afrika, Amerika na Ulaya tangu mwanzo wa karne ya 20, kwa kutumia fikra za mwanazuoni Paul Gilroy kuhusu Atlantiki kama bahari iliyowaunda watu weusi wa pande zake zote. Ukitoka kwenye vyumba vile ulikuwa unakanyaga gati za mji ambao meli zake ziliwabeba watu hao. Popote pengine onyesho lile lingekuwa somo. Pale lilikuwa ushahidi.

Kwa nini jumba la sanaa liwe ndani ya ghala?

Kwa sababu ghala hili lilistahili kuokolewa. Albert Dock ilibuniwa na mhandisi Jesse Hartley na kufunguliwa mwaka 1846 na mume wa Malkia Victoria, ambaye gati ilipewa jina lake. Moto ndio uliokuwa jinamizi la wenye maghala wa zama zile. Hartley akaamua kujenga bila boriti hata moja ya mbao: matofali, mawe na chuma cha kusubu tu. Na hakuamini maneno matupu. Alijenga kibanda cha majaribio, akakijaza mbao na lami, akakitia moto, aone kipi kitasimama. Kile kilichosimama ndicho unachokiona leo, zile nguzo nene za chuma zilizopangana kando ya maji.

Jambo jingine alilolifanya ni kuyaleta maghala mpaka ukingoni kabisa mwa maji, ili mzigo utoke melini na kuingia ndani moja kwa moja bila kulala gatini na kuibwa. Kwa usalama huo, bidhaa za thamani ndizo zilizokimbilia hapa: hariri, chai, pamba, tumbaku, brandi, sukari, na pembe za ndovu. Kila nikifika kwenye neno hilo la mwisho mgeni wangu hunyamaza. Anajua pembe za ndovu zilitokaje bara, mabegani mwa nani, na kupitia bandari zipi. Sijui pembe ipi ilitoka wapi, wala mimi si wa kuiandikia hati ya safari. Ninachosema ni kwamba ukisimama hapa uko upande wa pili wa ile biashara ambayo kwetu tunaisimulia kwa upande wa kuanzia.

Gati ilizeeka mapema. Ilijengwa kwa vipimo vya majahazi makubwa ya matanga, na meli za mvuke zilipokua haikuweza kuzipokea. Mwaka 1972 ikafungwa, tope likajaa, na kulikuwa na mipango ya kuibomoa. Ilipookolewa, kazi ya kugeuza kipande chake kuwa jumba la sanaa alipewa James Stirling, msanifu aliyekulia Liverpool na kusomea hapahapa. Nampenda kwa kiasi chake. Nje karibu hakugusa, aliongeza tu rangi za buluu na machungwa kwenye uso wa jengo na madirisha ya duara kama ya meli. Ndani aliziacha nguzo za Hartley zisimame katikati ya vyumba, kwa hiyo unapotazama mchoro hutasahau uko ghalani. Vyumba vya ghorofa ya juu vilikamilishwa mwaka 1998, Stirling akiwa ameshafariki.

Jina Tate lina uhusiano na sukari ya Tate?

Ndilo hilohilo. Henry Tate alizaliwa mwaka 1819 katika mji wa Chorley, akaletwa Liverpool akiwa kijana mdogo kujifunza kazi ya duka la vyakula. Akafungua duka lake, likazaa mengine, mwaka 1859 akaingia ubia katika kusafisha sukari, na mwaka 1872 kiwanda chake kikaanza kazi Love Lane, si mbali na gati hizi. Utajiri wake ulikuzwa na sukari ya vipande vya mraba, ile ya kudumbukiza kwenye kikombe. Alipozeeka alilizawadia taifa picha 65 pamoja na fedha za kujengea jumba la kuziweka. Lilifunguliwa London mwaka 1897, na ndilo Tate Britain ya leo.

Swali linalofuata huwa halisemwi kwa sauti: fedha hizo ni za utumwa? Jibu linahitaji uangalifu, na naomba usilikatishe. Henry Tate hakumiliki watumwa wala hakuwafanyia biashara. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni mwaka 1833, yeye alikuwa na miaka 14. Lakini biashara ya sukari aliyoikuta, kuanzia mashamba ya Karibi, njia za meli mpaka kiu ya Waingereza ya kitu kitamu, ilijengwa kwa migongo ya Waafrika waliotekwa. Tate wenyewe wameyaandika haya hadharani, na nawashukuru kwa kutojificha nyuma ya tarehe za kuzaliwa.

Sisi nasi sukari hiyo inatugusa. Watu waliouzwa Kilwa na pwani ya kusini yake walipelekwa visiwa vya Mauritius na Réunion, na wajukuu wa wajukuu zao wapo huko hadi leo, katikati ya mashamba ya miwa.

Halafu kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Kiwanda cha Love Lane kilifungwa mwaka 1981, mwaka uleule wa ghasia za Toxteth. Familia nyingi za kaskazini mwa mji zilikuwa zimekula mshahara wake kwa vizazi. Miaka saba baadaye jina la Tate likarudi mjini, safari hii kwenye ukuta wa jumba la sanaa. Ukiongea na mzee wa Liverpool kuhusu Tate, msikilize kwanza ujue anazungumzia ipi.

Gati hii ilipakia watumwa?

Hapana. Ilifunguliwa mwaka 1846, na Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807. Lakini geuka nyuma. Hatua chache kutoka hapo kuna magati makavu ya zamani, Canning Graving Docks, ambamo meli za watumwa za karne ya 18 zilitengenezwa na kuandaliwa kwa safari. Meli za Liverpool zilisafirisha Waafrika wapatao milioni 1.5. Ndiyo maana makumbusho ya kimataifa ya utumwa, International Slavery Museum, yaliwekwa kwenye gati hizihizi tarehe 23 Agosti 2007. Nayo yamo katika ukarabati mkubwa wakati huu.

Kuna chochote chetu, cha watu wa Afrika Mashariki?

Hapa ndipo ninapopenda kukaa. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, baba Mngazija na mama Mwingereza. Baba alifariki kwa malaria mtoto akiwa na miezi michache, na mama akarudi naye Uingereza. Leo anaishi Preston, si mbali na Liverpool, na kwa miaka mingi amekuwa profesa wa sanaa huko. Mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Kabla ya mwaka huo tuzo ilikuwa na kikomo cha umri cha miaka 50, ambacho kingemfungia nje. Tate inazo kazi zake katika mkusanyo, na mwaka 2021 Tate Modern ilimfanyia onyesho kubwa.

Kazi ninayokutaka uijue ni Naming the Money ya mwaka 2004. Ni sanamu bapa 100 za watu wenye kimo cha binadamu, zimechorwa kwa rangi zinazowaka na kukatwa kufuata umbo la mwili: wapiga ngoma, watengeneza viatu, waganga wa mitishamba, wafinyanzi, wachora ramani, wakufunzi wa mbwa. Hao ni Waafrika waliogeuzwa watumishi katika majumba ya matajiri wa Ulaya. Kila mmoja ana karatasi ya hesabu mgongoni, na juu yake yameandikwa majina yake mawili, la kwao na lile alilobandikwa. Unatembea katikati yao, unazunguka nyuma ya kila mmoja kusoma anaitwa nani. Himid alizitoa zawadi kwa makumbusho ya taifa ya Liverpool, kwa ajili ya makumbusho ya utumwa. Kwa hiyo sanamu za mtoto wa Unguja zina makazi katika mji uliotajirika kwa kuwafuta watu majina. Nilipolielewa jambo hili nilihisi kwamba mji huu nami nina haki nao.

Himid pia amechora michoro mingi kwa mtindo wa kanga. Mtu asiyejua kanga huona urembo na maneno. Wewe unaona pindo, unaona mji, unasoma jina, na unajua jina halikuwekwa bure, kuna mtu anaambiwa. Kwenye kazi hizo wewe ndiye mwenyeji, na Mwingereza aliyesimama pembeni yako ndiye anayehitaji mkalimani.

Tukitoka kwa Himid, jina la Magdalene Odundo usilisahau, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 ambaye vyungu vyake vimo katika makumbusho makubwa ya dunia. Wala la Everlyn Nicodemus wa Kilimanjaro, ambaye mwaka 2024 alifanyiwa onyesho la kazi za maisha yake yote mjini Edinburgh. Hao si lazima uwakute gatini kwetu, lakini ukiwa Uingereza majina yao yakutoe nyumbani.

Tuzo ya Turner imerudi tena Liverpool?

Ndiyo, mwaka 2022, na mshindi alikuwa Veronica Ryan, mzaliwa wa Montserrat katika Karibi. Kazi iliyompatia sifa ni matunda matatu makubwa ya bronzi na marumaru aliyoyaweka mtaani Hackney, London, kuwaenzi watu wa kizazi cha Windrush waliohamia Uingereza kutoka Karibi. Matunda yenyewe? Topetope, shelisheli na stafeli. Waandishi wa hapa walilazimika kuwaeleza wasomaji wao ni matunda gani hayo. Mama mmoja wa Tanga niliyemwonyesha picha aliniambia tu, "Hili topetope limewiva, mbona hawalichumi?"

Mimi naona matofali yamepangwa sakafuni. Hiyo nayo ni sanaa?

Hujakosea kuuliza, Waingereza wenyewe waliuliza kwa hasira. Mwaka 1972 Tate ilinunua kazi ya Carl Andre, Equivalent VIII: matofali 120 ya tanuri yaliyolazwa sakafuni katika matabaka mawili, kila tabaka sita kwa kumi. Mwaka 1976 magazeti yaligundua, na nchi nzima ikapiga kelele kuhusu fedha za umma.

Ushauri wangu ni huu: usijilazimishe kupenda, na usikimbie kabla hujatazama. Andre alitengeneza maumbo manane, kila moja kwa matofali 120, kila moja likiwa na vipimo tofauti. Idadi ileile, uzito uleule, lakini macho yanakuambia hili ni kubwa na lile ni dogo. Ukishalijua hilo, matofali yanaanza kuuliza swali: kitu kinakuwa kile kile kwa sababu ya kile kilichotumika kukitengeneza, au kwa sababu ya namna kilivyopangwa? Waweza kusema swali hilo halistahili chumba kizima. Ni haki yako, na mimi mwenyewe kwa Andre moyo wangu hauchemki. Lakini hutakuwa tena mtu wa kusema "hata mwanangu angeweza", maana utakuwa umekataa kwa hoja.

Kuna tofauti gani kati ya sanaa ya kisasa na sanaa ya leo?

Ya kisasa, kwa wenye makumbusho, ni ile ya takribani mwisho wa karne ya 19 hadi miaka ya 1960, ya watu kama Picasso na Matisse. Ya leo ni ya wasanii wa kizazi chetu, wengi wao wakiwa hai. Mpaka una ukungu, usiupotezee usingizi.

Kiingilio ni kiasi gani? Mahali kama pale si pa wenye pesa?

Kutazama mkusanyo ni bure, na si kwa Tate pekee. Makumbusho ya taifa ya Uingereza hayatozi kiingilio kwa mikusanyo yao ya kudumu. Yapo maonyesho maalumu yanayolipiwa, na hayo huwa na punguzo. Sanduku la michango utalikuta mlangoni, hakuna anayekulazimisha. Mavazi yoyote yanafaa. Hutaulizwa elimu yako. Nasisitiza kwa sababu nimewaona watu wazima, waliovuka mipaka mitano kufika Ulaya, wakisita mbele ya mlango wa vioo. Picha zile zimenunuliwa kwa fedha za umma na nyingine zimetolewa zawadi kwa umma. Ukiwa unaishi hapa na kulipa kodi, umezichangia.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nitaelewa kitu?

Utaelewa kuliko unavyodhani, na pengine kuliko yule anayesoma kila kibandiko ukutani na kuipa picha sekunde tano. Fanya hivi: usitazame vyote. Pita vyumba vyote haraka kama mtu anayekagua soko kabla ya kununua, kisha rudi kwenye vitu vitatu vilivyokuvuta. Simama mbele ya kila kimoja hadi uchoke, halafu simama kidogo tena. Kile unachokiona baada ya uchovu wa kwanza ndicho kilichokuwa kimejificha. Kibandiko kisome mwisho. Wafanyakazi wanaosimama vyumbani si walinzi tu, wengi ni watu wanaozipenda kazi hizo, na wamezoea kuzungumza polepole na mgeni. Waulize.

Naweza kuleta watoto? Naweza kupiga picha? Na mbona vyumba vingine vina giza?

Walete, wala usiwanyamazishe kupita kiasi. Makumbusho ya Tate huwa na shughuli za familia, hasa wakati wa likizo za shule. Watafundishwa jambo moja tu, kutogusa, kwa kuwa mafuta ya vidole hula rangi na chuma taratibu.

Picha za kumbukumbu kwa kawaida zinaruhusiwa bila mweko wa kamera, isipokuwa palipoandikwa hapana. Giza nalo si uchawi wala umaskini wa taa. Karatasi, rangi za maji na nguo hufifia zikipigwa na mwanga, na kilichofifia hakirudi, kwa hiyo huwekewa mwanga wa kama laksi 50 tu (laksi ni kipimo cha mwanga). Picha za mafuta huvumilia hadi kama laksi 200. Yape macho yako dakika tano yazoee. Mama yako akifungia kanga zake nzuri sandukuni, mbali na jua, anafuata elimu hiyohiyo.

Mimi ni mchoraji. Naweza kupeleka kazi zangu pale?

Kupeleka kwa mkono na kuomba waitundike, hapana. Makumbusho ya ngazi hii hayapokei kazi mlangoni. Wataalamu wake hufuatilia wasanii kwa miaka, kupitia maonyesho madogo, vituo vya sanaa, na maonyesho ya kimataifa kama Liverpool Biennial, ambayo ilianza mwaka 1999 na kuzitapanya kazi za wasanii wa dunia nzima mitaani. Kwa hiyo usianzie kwenye mlango mkubwa. Hapa mjini kuna Bluecoat, jengo la miaka ya 1700 lililogeuzwa kituo cha sanaa chenye karakana za wasanii. Nairobi kuna taasisi ya sanaa ya leo, NCAI (Nairobi Contemporary Art Institute), iliyoanzishwa mwaka 2020 na mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, anayechora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda. Na weka kumbukumbu: kila kazi ipige picha nzuri, andika vipimo, mwaka na ulichochorea. Nimeona vipaji vikikosa nafasi kwa sababu tu hakuna aliyeweza kujibu picha fulani ilichorwa lini.

Kwetu kuna kitu kama hiki?

Matawi tunayo. Makumbusho ya Taifa ya Tanzania yana nyumba Dar, Arusha, Butiama na Songea. Kenya wana Fort Jesus, Lamu na Kisumu chini ya taasisi moja ya taifa. Tunajua, basi, jinsi ya kuupeleka urithi mikoani. Ila matawi hayo yanatunza historia, mila na viumbe. Sanaa ya kisasa ya taifa bado haijapata mfumo wa namna hiyo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya mbao bapa Dar mwaka 1968, akafa 1972, na leo anayetaka kuona picha zilizotoka mkononi mwake mwenyewe mara nyingi huelekezwa kwa wakusanyaji wa ng'ambo. Hilo linaniuma. Maghala ya mawe yaliyo tupu tunayo, Tanga, Bagamoyo, Mombasa. Liverpool nayo ilikuwa na ghala tupu kando ya gati iliyojaa tope.

Nimekuja wakati jumba limefungwa. Nifanye nini na siku yangu?

Shuka kituo cha treni cha Lime Street, tembea dakika ishirini hadi gatini, zunguka Albert Dock yote kwa miguu na usimame kwenye magati makavu ya Canning. Utaona pia mnara wa mawe yaliyopakwa rangi kali na kubebana moja juu ya jingine, kazi ya Ugo Rondinone iliyowekwa hapo mwaka 2018. Kisha nenda Walker Art Gallery, iliyofunguliwa 1877, ni bure.

Mchana ukibaki, panda treni ya Merseyrail hadi Blundellsands and Crosby, ushuke ufukweni. Antony Gormley amesimika pale watu 100 wa chuma cha kusubu, kimo cha binadamu, wametapakaa kwa takribani kilomita tatu, wote wakitazama baharini. Maji yakitoka unawaona wote. Yakijaa, wa mbele wanazama hadi kichwa. Angalia saa za kupwa na kujaa kabla hujaondoka. Najua mtu wa pwani hafundishwi bamvua, lakini bahari ya huku hurudi kwa kasi na tope lake hunasa miguu, kwa hiyo wale walio mbali watazame kutoka mchangani.